Shangazi Subiri na Mashine Iliyokuwa Ikiganda

Mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake aliunganisha simu za watu kwa miaka kumi na tisa kabla hajagusa kompyuta. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya hospitali yetu, vipokea sauti masikioni, akipokea simu za watu wenye haraka zao. Kila mmoja alimpa maneno yale yale matano: "Subiri kidogo, ndugu, nakuunganisha sasa." Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu mpaka mfagizi, ilimwita Shangazi Subiri. Jina lake la kwenye karatasi tulilisikia siku za mishahara tu.

Kisha ikaja mitambo ya simu inayojiunganisha yenyewe. Waunganishaji wote, wanawake kumi na wawili, waliitwa ofisini wakaambiwa wachague: kustaafu mapema, kuhamia kufulia mashuka, au kwenda kusomea kompyuta. Kumi walistaafu, mmoja akaenda kwenye mashuka. Shangazi Subiri akasema anakwenda kwenye kompyuta. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda.

Mtihani wa kwanza alifeli. Wa pili alifeli pia, ingawa safari hii kwa alama mbili tu. Nyumbani alikuwa na mabinti pacha waliokuwa sekondari, nao wakamgeuza mwanafunzi wao. Akimenya viazi wanamuuliza maswali, akikosea anarudia kuanzia mwanzo. Mumewe, fundi wa pampu za maji, alikuwa akipita jikoni na kusema kwamba nyumba hii sasa ina walimu wawili na mwanafunzi mtoro. Mtihani wa tatu akafaulu. Akaajiriwa upya ghorofa ya tatu, kitengo cha kompyuta, chini ya mkuu wa kitengo aliyezaliwa mwaka ule ule alioolewa yeye. Kijana alimwita Shangazi, naye alimwita Mkuu, na kila mmoja alitabasamu kidogo akitamka.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha damu, ghorofa ya chini. Kazi yangu ni kumlaza mchangiaji kitandani, kutafuta mshipa, na kumpigisha soga asiiangalie sindano. Nawaeleza hayo mjue kwamba haya mengine nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona, Shangazi alinisimulia mwenyewe. Na kuna jambo moja ndani yake ambalo sisi wa kituo hatukulifanya vizuri, nami nimo.

Miaka minane baada ya simu zile kuondolewa, tuliletewa karani mpya wa mapokezi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mwenye sauti ya kufika barabarani. Makarani wa mapokezi walikuwa wawili, wakipokezana siku. Yule wa zamani, mwanamume mkimya anayependa kuchonga penseli, alishika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huyu mpya akapewa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Haukupita mwezi, tukaanza kuona kioja. Jumanne, kama saa tano asubuhi, skrini zote saba za kituo zinaganda. Kaduara kadogo kanazunguka katikati ya skrini, kanazunguka, kanazunguka, na hakuna kinachofunguka. Watu wamekaa foleni, mikono ya shati imekunjwa tayari, na hakuna anayeweza hata kusoma kundi la damu la mtu. Tunapiga simu ghorofa ya tatu, wanaizima seva, ile kompyuta kuu inayohudumia hizi zetu, wanaiwasha, robo saa imepita, na watu wawili watatu wameshajiondokea.

Alhamisi, vile vile. Jumamosi, vile vile. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mashine ni nzima kama kigongo.

Unajua watu. Ilichukua wiki mbili tu mtu mmoja kumwita yule karani Zimazima, na jina likakaa. Mwanzoni yeye mwenyewe alilicheka. Baadaye nilimwona akianza kubonyeza vitufe kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ni ya moto. Mhudumu mmoja alimshauri abadilishe viatu, labda vina umeme. Akabadilisha. Mwingine alisema ana mkono mzito. Mimi sikusema hivyo, ila siku moja skrini yangu ilipoganda nilijikuta nimeita, "Zimazima, umefanya nini tena?" Aliinuka akaenda kuwaomba radhi watu wa foleni mmoja mmoja.

Kule ghorofa ya tatu walikuwa wanahangaika nayo. Nitaeleza jinsi Shangazi alivyonieleza, maana mimi kompyuta najua kuiwasha tu. Kila karani au muuguzi anapotafuta jina la mchangiaji, programu inafungua muunganisho kwenda kwenye kanzidata, yaani ghala ambamo taarifa zote zimehifadhiwa. Ikishapata jibu, inatakiwa iufunge. Seva yetu ilikubali miunganisho mia moja kwa wakati mmoja, haizidi. Wa mia na moja unakaa nje unangoja, na mambo yakifika hapo kila skrini inaganda. Kituo chetu chote kikifanya kazi kwa pamoja hakihitaji zaidi ya miunganisho kumi. Kwa hiyo kulikuwa na miunganisho inayofunguliwa na haifungwi, na jioni kituo kilipofungwa na mashine kuzimwa, yote ilipotea na ushahidi wake.

Mkuu wa kitengo alianza kwa kuongeza kikomo kutoka mia moja hadi mia na hamsini. Tukashangilia. Mashine ikaacha kuganda saa tano, ikawa inaganda saa saba. Shangazi akamwambia kwamba ukipanua shimo la panya, humfukuzi panya, unamkaribisha na ndugu zake. Basi mkuu akajaribu dawa nyingine: muunganisho wowote uliokaa dakika moja bila kazi ukatwe kwa nguvu. Siku hiyo sitaisahau. Nilikuwa namhoji mzee mmoja maswali ya afya, nayo ni ishirini na mawili. Kila nikifika la kumi na tisa, mzee akiwa bado anafikiri, fomu inakatika na majibu yote yanapotea. Alipoulizwa mara ya tatu kama amewahi kuugua manjano, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, pumzika kidogo, nitakusubiri." Dawa ile iliondolewa mchana ule ule.

Hapo mkuu akaona tatizo ni seva yenyewe, imechoka, inunuliwe nyingine. Shangazi hakukubali. Hakuwa mtu wa kubishana, alikuwa mtu wa kuhesabu. Alichukua karatasi ya miraba, ile ya wanafunzi, na kila baada ya dakika kumi akawa anaandika idadi ya miunganisho iliyo wazi. Alifanya hivyo kwa wiki mbili nzima, mpaka mkuu akamwuliza kama anashona kitambaa. Jumatatu mstari ulikaa chini, kumi, kumi na tatu, kutwa nzima haukufika ishirini. Jumanne ulipanda kama ngazi na haukushuka hata hatua moja. Na alipoichungulia ile miunganisho mmoja mmoja, karibu yote ilikuwa imelala. Ilifunguliwa asubuhi, ikafanya kazi ya sekunde moja, tangu hapo kimya.

Mkuu aliitazama ile karatasi, akaiweka juu ya ratiba ya zamu, akacheka. Akasema basi ni kweli, ni mkono wa Zimazima.

"Mkuu," Shangazi akamwambia, "mashine haijui mkono wa nani umeigusa. Inajua kilichobonyezwa tu."

Lakini alirudi nyumbani siku hiyo bila jibu. Jioni alimkuta mumewe barazani, amefungua pampu vipande vipande juu ya gazeti, akampa habari yote. Mumewe alimsikiliza huku akipangusa springi za pampu. Kisha akamwuliza swali moja tu, kama amekwenda kukaa pale mashine inapoharibikia.

"Niende kufanya nini? Kila kitu nakiona kwenye skrini yangu."

"Mama Pacha," akasema mumewe, "mimi mtu akiniita kwamba pampu inavuta hewa, sikai ofisini kwangu kutazama picha ya pampu. Nakwenda nakaa kisimani, mikono mfukoni, naitazama inavyofanya kazi. Nusu ya siku nanywa chai tu. Halafu naona."

Wakati huo huo, huku chini, mambo yalikuwa yamefika pabaya. Daktari mkuu wa kituo, mama mwenye haki lakini asiye na muda, alikuwa amechoka na malalamiko. Aliamua kumhamisha yule karani aende stoo kuhesabu mifuko ya damu mitupu na mabomba ya sindano, mahali pasipo na kompyuta. Barua ilikuwa imeshachapwa. Angeisoma kwenye mkutano wa Ijumaa na uhamisho ungeanza Jumatatu. Sote tulijua isipokuwa mwenyewe. Nadhani na yeye alijua pia, kwa sababu Jumatano, siku ambayo haikuwa yake, alikuja akasafisha droo yake.

Alhamisi, saa moja asubuhi, Shangazi Subiri akashuka ngazi na kompyuta yake ya mapajani, daftari na chupa ya chai. Akavuta kiti, akakaa nyuma ya karani, akamwambia asimjali, amekuja kupumzika. Karani alidhani ameletewa msimamizi.

Kwa saa nzima Shangazi alitazama tu. Kwenye skrini yake alikuwa na tarakimu moja kubwa: idadi ya miunganisho iliyo wazi. Kumi. Alikuja mwalimu mmoja ambaye huchangia kila baada ya miezi minne. Karani akaandika jina lake, likatokea, akampeleka kwangu. Tarakimu ikapanda kumi na moja, ikarudi kumi. Akaja mpishi wa hoteli, naye wa zamani. Kumi na moja, kumi. Kisha wakaja mafundi seremala watatu, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi, hawajawahi kuchangia maishani mwao. Karani akawasalimu kama binamu zake, akamuuliza mmoja hali ya mtoto aliyekuwa na homa. Akaandika jina la wa kwanza. Skrini ikasema: Hayupo. Akatafuta kwa namba ya kitambulisho, kama utaratibu unavyotaka: Hayupo. Akatafuta kwa namba ya simu: Hayupo. Ndipo akafungua fomu mpya.

Shangazi akatazama tarakimu yake. Kumi na tatu. Akanywa chai. Kumi na tatu bado. Akangoja seremala wa pili aandikishwe: kumi na sita. Wa tatu: kumi na tisa. Akangoja dakika tano nzima, macho hayabanduki, kama paka aliyesikia mchakacho. Kumi na tisa.

Alimwinamia karani sikioni, akamwomba atafute jina la mtu ambaye hayupo duniani.

"Nani, Shangazi?"

"Yeyote. Tunga."

Karani akafikiri, akaandika: Bwana Debe Tupu. Hayupo. Ishirini. Akaandika: Bibi Kandambili. Hayupo. Ishirini na moja. Akaanza kunogewa. Akaandika Sheikh Mwiko, Mchungaji Kifuniko, Mheshimiwa Ndala Moja. Kila mmoja Hayupo, na kila mmoja alipanda na tarakimu yake na kuketi. Shangazi alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika. Karani akageuka na kuona mtu mzima anabubujikwa na machozi ya kicheko mbele ya tarakimu, naye akaambukizwa bila kujua anacheka nini. Walicheka hivyo mpaka mafundi seremala, waliokuwa bado wanangoja kitanda, nao wakaanza kucheka. Mimi nilitoka na sindano mkononi kuuliza kumetokea nini, na hakuna aliyeweza kunijibu.

Mtu wa zamani anatafutwa, anapatikana, programu inafanya kazi yake mpaka mwisho na mwishoni inafunga muunganisho. Mtu mpya hapatikani, programu inasema Hayupo na kuondoka palepale, kabla ya kufika kwenye mstari wa kufunga. Mtu mmoja mpya alitafutwa mara tatu na kuacha miunganisho mitatu imelala. Watu thelathini wapya kabla ya saa tano, na mia yote imejaa. Ni hayo tu. Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja.

Shangazi alipanda ngazi kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa yameizoea. Akafungua ile sehemu ya programu inayotafuta majina, akashuka nayo mstari kwa mstari, na kweli, akaliona. Njia ya Hayupo ilitoka nje mapema, na neno la kufunga lilikuwa chini kabisa, peke yake, linasubiri mtu ambaye hatafika. Akapanda juu ya ukurasa kuona nani aliandika.

Herufi za mwanzo za jina lake. Tarehe ya mwaka wake wa kwanza kwenye kitengo cha kompyuta.

Alinieleza kwamba alikaa akazitazama zile herufi kama mtu aliyekuta picha yake kwenye tangazo la anayetafutwa. Miaka sita programu ile ilikuwa inatembea na kosa lake na hakuna aliyejua, kwa sababu zamani wageni walikuja wawili watatu kwa siku, na jioni mashine ikizimwa kosa linafutika. "Nyani haoni kundule," akasema, "na mimi nilikuwa nimezunguka nyumba nzima nikitafuta la wenzangu." Kicheko chote kilimtoka. Alichokiona ni yule binti akibonyeza vitufe kwa ncha ya kidole.

Akamwita mkuu wa kitengo, akamwonyesha. Mkuu alisoma, akapiga mluzi mdogo, kisha kwa upole kabisa akamwambia warekebishe tu na wanyamaze. Kituo kitafurahi kwamba imepona, nani atauliza zaidi? Alimheshimu, hakutaka aaibike.

"Na barua ya yule binti?" akauliza Shangazi.

Mkuu akageukia skrini yake.

"Basi nitasema mwenyewe kesho. Mdomo wangu umezoea kusema mbele za watu, miaka kumi na tisa sikufanya kazi nyingine."

Mchana ule walirekebisha. Neno la kufunga waliliweka mahali ambapo programu lazima ipite hata iweje, mtu awepo au asiwepo, jibu liwe zuri au baya, hata mtandao ukikatika njiani. Kisha wakapekua programu nzima kutafuta kosa kama hilo. Wakalikuta mahali pengine panne. Mawili yalikuwa ya mtu aliyekwishahama. Mawili yalikuwa na herufi za mkuu mwenyewe. Shangazi alimsogezea kikombe cha chai tu, na mkuu akakipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi, kabla ya mkutano, waliijaribu. Walitafuta watu mia tatu wasiokuwepo, wakipokezana kuandika. Majina yalipowaishia wakaingia kwenye samani, wakamaliza samani wakaingia kwenye mboga. Tarakimu ilipanda moja, ikashuka moja. Kumi na moja, kumi. Kumi na moja, kumi. Baada ya Bwana Bamia, wa mia tatu, ilikuwa bado kumi.

Mkutano ulifanyika kwenye chumba chetu cha mapumziko, wengine tumekaa, wengine wamesimama karibu na jokofu. Karani alikuwa nyuma, mkoba mapajani, amevaa vizuri kupita siku zote. Daktari mkuu alikuwa ameshashika ile bahasha. Shangazi Subiri akaomba kusema kwanza.

Hakusema kwa mbwembwe. Alisema mashine imekuwa ikiganda kwa miezi mitano, na kwamba ameona chanzo, na chanzo ni mistari aliyoiandika yeye miaka sita iliyopita. Akaeleza habari ya Hayupo kwa maneno mepesi mpaka mhudumu wa usafi akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akasema karani hakuharibu chochote, si mkono, si viatu. Alikuwa akifanya utaratibu wote kama ulivyoandikwa, na kosa la mtu mwingine likawa linamwangukia kichwani. Kisha akageuka kumtazama yule binti.

"Mwanangu, jina walilokupa lilikuwa langu. Naomba unisamehe."

Karani akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Shangazi, miezi mitano nimekuwa naogopa hata kuwasha taa ya chumbani kwangu. Nikitaka kuwasha, namwita mwanangu awashe yeye."

Hapo sikujizuia. Nilivuka chumba nikaenda kumshika mkono, nikamwomba radhi kwa ile siku niliyomwita vile. Wengine wakafuata. Yule mwenzake mkimya wa zamu nyingine alitoa penseli mpya, iliyochongwa vizuri, akamwekea juu ya mkoba.

Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Akatandika mezani karatasi zake za miraba. Akamwambia daktari mkuu kwamba hii ngazi wameitazama kwa wiki mbili kama picha ya ugonjwa, kumbe waitazame tena. Kila hatua yake ni mtu mpya aliyekuja kutoa damu. Alikuwa ameshahesabu: katika miezi mitano, siku za karani huyu wameandikishwa wachangiaji wapya zaidi ya elfu mbili. Siku za mwenzake, kama mia mbili. Mashine yetu ilikuwa inaganda kwa kuzidiwa na wageni.

Daktari mkuu alivaa miwani. Alijua kwamba damu imeongezeka mwaka huu, alisema, lakini alidhani ni yale mabango mapya. Akamwuliza karani watu wale anawatoa wapi. Karani akashangaa kuulizwa. Akasema hawatoi popote, huwa anaongea nao tu: akiwa kwa fundi cherehani, akiwa anangoja unga kinuni, kwenye karakana za seremala jirani na kwao. Akikuta mtu ana nguvu zake anamwambia, wewe una damu ya kutosha watu wawili, njoo Jumanne utanikuta, nitakushika mkono. Nao wanakuja Jumanne.

Daktari mkuu alicheka, na si mtu wa kucheka mkutanoni. Ile bahasha aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, na hatukuisikia tena. Badala yake akauliza kama karani atakubali kutoka siku moja kila wiki akawatafute watu huko huko waliko, kwa gari la kituo. Karani alikubali kabla swali halijaisha.

Jumanne iliyofuata walikuja wageni sitini na mmoja. Saa tano ikafika, ikapita. Saa saba ikafika, sote tukawa tunaziibia skrini jicho, hakuna kilichoganda. Saa nane juisi ya wachangiaji ikaisha, ikabidi mhudumu akimbie dukani, na hilo ndilo lililokuwa tatizo pekee la siku hiyo. Karani alifanya kazi kwa vidole vyote kumi, na sauti yake ikafika tena barabarani.

Mchana Shangazi Subiri alishuka kuona kazi inavyokwenda. Karani akamtazama juu mpaka chini, akamwuliza yeye amewahi kuchangia lini. Shangazi akakohoa. Akasema amekuwa na shughuli nyingi. Akaulizwa, miaka yote hiyo? Ikabidi akiri mbele ya foleni nzima kwamba anaogopa sindano tangu utotoni, hata mabinti zake walipochanjwa ni baba yao aliyewapeleka.

Karani akainuka, akamshika mkono, akamleta kitandani kwangu na hakuuachia. Nilitafuta mshipa, nikaupata mzuri. Kumpigisha soga hakukuwa na haja, maana wawili wale walikuwa wameshaanza kubishana kama Bibi Kandambili angekuwa wa kundi gani la damu. Nilipomwambia nimemaliza, Shangazi akaniuliza nimemaliza nini. Alikuwa hajahisi kitu, akadai nimempunja. Alikunywa juisi zake mbili, akakaa pale nusu saa nzima zaidi ya alivyotakiwa, na alipopanda ngazi alipanda polepole, plasta ameiacha wazi kwenye mkono ili mkuu wa kitengo aione.

Siku hizi wanatoka pamoja kila Jumatano, karani na gari la kituo, na Shangazi na kompyuta yake ya mapajani, kwa kuwa alishatengeneza njia ya kuwaandikisha watu huko huko. Wiki iliyopita walikuwa kwenye karakana ya mafundi wa pampu. Mumewe alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati, na nyuma yake walipanga mstari mafundi kumi na wanne wenye mafuta mpaka viwikoni, wakisukumana na kutaniana ni nani atazimia.